Eryri, Welisi: tuelekee wapi tukitaka kuujua urithi wa Wawelisi?

Swali
Ndugu zangu, mimi na mama yangu tunatarajia kuizuru Hifadhi ya Taifa ya Eryri, kaskazini mwa Welisi, ambayo wengi wangali wanaiita Snowdonia. Maelezo mengi niliyoyasoma yanahusu kuukwea mlima Yr Wyddfa tu, ilhali mama anasumbuliwa na magoti, na sote wawili tunavutiwa zaidi na lugha na historia ya wenyeji. Mnatushauri nini?

Jibu la kwanza
Mfikishie mama shikamoo yangu. Kilele hicho cha mita 1,085 kina treni iliyoanza mwaka 1896, itokayo Llanberis, ingawa huishia njiani hali ya hewa ikichafuka. Hata hivyo, kwa hamu mliyo nayo, ningeanzia Yr Ysgwrn, nyumba ya shambani karibu na Trawsfynydd, alikokulia mshairi Ellis Humphrey Evans, maarufu kwa jina la Hedd Wyn. Aliuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai 1917, na wiki chache baadaye shairi lake likashinda katika Eisteddfod, tamasha kuu la ushairi la Wawelisi. Mshindi alipoitwa hakuinuka mtu, na kiti alichostahili kukalia kikafunikwa kitambaa cheusi. Kiti hicho kimo nyumbani humo hadi leo, na kwa maoni yangu hakuna kilele kinachoweza kushindana nacho.

Jibu la pili
Naafiki, na ninaongeza Tŷ Mawr Wybrnant, karibu na Penmachno, alikozaliwa Askofu William Morgan, ambaye Biblia yake kamili ya Kiwelisi ya mwaka 1588 iliipa lugha hiyo maandishi sanifu wakati ilipokuwa imekwisha kuondolewa mahakamani. Kisha piteni Llyn Celyn, karibu na Bala. Chini ya maji hayo kuna kijiji cha Capel Celyn, kilichozamishwa mwaka 1965 ili Liverpool ipate maji, ingawa wakazi wake walikwenda kuandamana katika mji huo huo kuupinga mpango. Uchungu wa tukio hilo haujaisha, kwa hiyo ulizeni kwa staha.

Jibu la tatu
Wageni wengi hukimbilia Harlech, ngome ya Mfalme Edward I wa Uingereza, wakaisahau Dolbadarn, mnara wa watawala wa Kiwelisi wenyewe, jirani na Llanberis. Kuufikia kuna mwinuko mfupi, lakini mama akichoka ataweza kuutazama akiwa barabarani. Hakikisheni mapema siku ambazo nyumba mlizotajiwa huwa wazi, kwani si za mwaka mzima.