Dawa za nano zinazotafuta kansa na kuonekana kwa altrasaundi: ziko ama ni stori?

nyar_kondele (Kisumu):
Wadau habari zenu. Shangazi yangu ana kansa ya matiti, ako kwa kemo, ile dripu nyekundu inafanya hadi mkojo unatoka mwekundu. Sasa kuna jamaa hapa mjini anasema tuachane na kemo, ati ako na matone ya nano ya kunywa yanatafuta kansa yenyewe, na ukipigwa altrasaundi unayaona yamejaa kwa uvimbe. Nimegugo nikapata utafiti wa aina hio kweli uko, kwa hivyo siwezi mwambia shangazi ni uongo tu. Mwenye anajua anielezee polepole, mimi ni mtu wa biashara.

probu_nax (Nakuru):
Pole sana kwa shangazi dada. Mimi kazi yangu ni kupiga altrasaundi. Hio mashine husikia mwangwi, na chembe ya nano, yaani ya nanomita 100 hivi, ndogo sana kuliko seli ya damu, peke yake mwangwi wake ni kama hakuna, upake jeli mpaka kifuani hutaona kitu. Chenye hung'aa ni gesi. Ndio kuna viputo vya kudungwa kwa mshipa, gesi ndani na ganda la mafuta nje, ukubwa kama seli nyekundu ya damu. Marekani walikubali vya kuangalia ini 2016, ukidunga unaona ini linawaka kwa skrini na uvimbe unajianika, damu inaingia mbio ama pole. Shida viputo ni vikubwa, havitoki kwa mshipa, vinazunguka dakika chache halafu gesi inatoka na pumzi.

Hapo ndio watafiti wakaleta matone ya nano na mimi hio kitu naipenda kusema ukweli. Wanatumia pafluoropentani, majimaji yanayochemka kwa digrii 29, na mwili ni 37, ungedhani itakuwa gesi papo hapo. Lakini ukiikata matone madogo sana ganda linaibana inabaki majimaji, kama soda kabla ufungue kifuniko. Sasa ukilenga sauti yenye nguvu pale kwa uvimbe tone linageuka kiputo, unakiona, na kama lilibeba dawa inamwagika hapo. Kwa panya imefanya kazi. Kwa hospitali ya kuenda Jumatatu, hapana.

nyar_kondele:
Sawa, na tone linajuaje kansa iko wapi?

mfamasia_eldy (Eldoret):
Halijui mama. Linabebwa na damu kila mahali. Mishipa ya uvimbe huvuja, Wajapani waliandika hivo 1986, chembe zingine zinaingilia hapo. Wengine wanabandika antibodi (protini ya kinga ya mwili) juu ya ganda ishike HER2, protini yenye hujaa juu ya seli za kansa zingine za matiti, lakini inashika tu ikishafika karibu. Na kufika ndio kazi, mwaka 2016 kuna watu walikusanya majaribio ya wanyama ya miaka kumi wakapata kwa kawaida asilimia 0.7 ya dozi ndio inafika kwa uvimbe, nyingi inaishia kwa ini na wengu. Hio dawa nyekundu ya shangazi yenyewe ilifungwa kwa chembe za mafuta ikaitwa Doxil, iko sokoni tangu 1995, faida kubwa ni moyo hauumizwi sana, si ati inaponya kuliko ile ya kawaida. Halafu zote hizi ni za KUDUNGWA. Ukinywa tumbo linazimeng'enya, kwisha.

baba_twins254:
Muulize namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu uone vile atahama mtaa

omwana_wa_kakamega:
Wacheni kukatisha watu tamaa pia. BR55 ni viputo vinavyoshika mishipa mipya ya uvimbe, matokeo ya wanawake wenye uvimbe wa matiti na ovari yalitoka 2017 na vilionekana vimeshika.

mfamasia_eldy:
Ndio, lakini ile ni ya kuona. Haibebi dawa.

probu_nax:
Dada, shangazi alifanyiwa eko ya moyo kabla ya hio dripu? Hio ndio altrasaundi ya kufuatilia saa hii, hio dawa inaweza choma moyo.

nyar_kondele:
Alifanyiwa, walisema itarudiwa, nitamkumbusha daktari. Jamaa nimemuuliza mbona ni ya kunywa, amesoma akanyamaza. Shida sasa ni binamu yangu, ashatuma diposti.