Wanaotoa mapishi ya keki ya limau, mna ugomvi gani na siagi zetu?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mtu anayeandika "weka juisi ya limau kiasi" anategemea nini? Limau moja linatoa vijiko viwili vya mezani, jingine linafika vitatu. Kwenye unga unaweza kusalimika. Kwenye krimu, ukizidisha kidogo tu imekuwa uji, na hapo umeshaingiza siagi gramu 250 na sukari ya unga gramu 500. Hela hizo!

Halafu wote mnang'ang'ania juisi. Juisi inaleta uchachu. Harufu ya limau iko kwenye ganda, pale juu kwenye unjano, ndiko mafuta yake yaliko. Mbona hamsemi likwaruzwe juu juu, maana ukigusa ile nyeupe ya chini umeingiza uchungu? Mbona hamsemi lifikichwe na sukari kwa vidole mpaka sukari ishike unyevu na jiko zima linukie, ndipo siagi ifuate? Ninyi ni "maganda ukipenda". Ukipenda! Kinachoifanya keki iitwe ya limau ndiyo hiari, ila rangi ya chupa ni lazima.

Na hivyo vikombe vyenu, "unga vikombe 3", kikombe cha nani? Cha Marekani ni mililita 240, kwingine 250, na mwingine anachota kwa kushindilia. Kimoja kinabeba gramu 120, kingine 150. Kwa vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, halafu keki ikitoka kavu tunaambiwa oveni zetu mbovu.

Kilichonichefua kabisa ni "ikiiva, panga tabaka, paka krimu". Basi! Kupoa hakutajwi popote. Siagi na joto wapi na wapi? Jana krimu imechuruzika mpaka mezani, tabaka la juu limehamia upande kama kofia ya mlevi, wageni wako sebuleni. Wakati ile ya kwenye picha ya mwenye mapishi inaonekana wazi imelala kwenye friji, kingo zimenyooka, krimu haina hata jasho. Sasa friji ulisahau kuiandika, au ndiyo siri ya biashara?

Mwenye mapishi yenye gramu, na yanayosema keki ipoe muda gani kabla ya kupakwa, aweke hapa. Wale wa "mimi nakadiria tu na inatoka", leo piteni kimya kimya.