Utafiti unameza muda wa kuandika: waandishi wa riwaya za kisayansi mnajipangaje?

WinoMweusi
Wakuu, habari za kazi. Naandika riwaya ya kisayansi kuhusu kituo cha watafiti kwenye sayari ya Mirihi. Kila nikikwama kwenye jambo la kisayansi naenda kulitafuta, na muda wa kuandika unaishia hapo. Halafu sura zinapishana: sura ya 2 wanaongea na Dunia kama kwa simu, sura ya 6 ujumbe unachelewa. Utafiti na uandishi mnavitenganishaje?

kalamu_na_darubini
Mkuu, saa ya kuandika zima intaneti. Ukifika usipojua, weka alama isiyopatikana katika neno lolote la Kiswahili, kwa mfano XX, usonge mbele: "Tangi lilibakiza lita XX za oksijeni." Usitumie alama ya kuuliza, siku ya kuzitafuta, programu itakuletea kila swali lililoulizwa kitabuni.

Mwisho wa kikao kusanya XX zote uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazobadili uamuzi wa mhusika. Lita za oksijeni ndizo zinazoamua kama mtu anageuza kurudi kituoni au anaendelea, kwa hiyo jibu lake litafutwe kabla hujaanza sura inayofuata. Fungu la pili ni mapambo, kama vile rangi ya vumbi wakati wa machweo. Hayo yasubiri rasimu ya pili, maana nusu yake utayafuta.

Kiasi: maneno 500 kwa siku, siku 5 kwa wiki, yanakupa rasimu ya maneno 90,000 kwa wiki 36. Usiogope ikitoka fupi. Tuzo za Nebula, zile za Marekani za hadithi za kisayansi na njozi, huhesabu riwaya kuanzia maneno 40,000, tena hicho ni kipimo cha Kiingereza. Hadithi ileile kwa Kiswahili hutumia maneno machache zaidi.

sayari_ya_nne
Hilo la kupishana ndilo linaloharibu riwaya nyingi za Mirihi. Ujumbe wa redio kati ya Dunia na Mirihi huchukua dakika 3 hivi sayari zikikaribiana sana, hadi 22 zikiwa mbali kabisa. Jibu linakuja baada ya mara mbili ya muda huo. Kwa hiyo sura ya 2 iandike upya: watu hawa hawajibizani, wanatumiana barua za sauti, na kila mmoja anakisia mwenzake atauliza nini.

Tena umbali haurukiruki. Kutoka karibu kabisa hadi mbali kabisa ni takriban mwaka na mwezi. Ukiandika dakika 5 Jumatatu na 18 Ijumaa, msomaji makini atakukamata.

Siku ya Mirihi nayo ni saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Kwa sababu ya hizo dakika za ziada, baada ya siku 18 hivi asubuhi ya kituoni imeshaangukia usiku wa waongozaji walioko Duniani. Na kila baada ya miezi 26 hivi Jua hukaa katikati ya sayari hizi mbili, na kwa wiki mbili hivi amri hazitumwi kwa vyombo vilivyoko huko. Kama una dharura kwenye hadithi, iweke hapo!

Tengeneza jedwali lenye safu tano: sura, tarehe ya Dunia, siku ya Mirihi, dakika za ujumbe, na nani anajua nini. Hiyo ya mwisho ijaze kwa uangalifu kuliko zote, kwa kuwa habari inafika pande mbili kwa nyakati tofauti.

WinoMweusi
Shukrani sana. Chombo cha safari kinazunguka ili watu wapate uzito. Nusukipenyo mita 10. Inatosha?

sayari_ya_nne
Ndogo mno. Kupata uzito wa Duniani kitahitaji mizunguko kama 9.5 kwa dakika. Abiria wakigeuza kichwa watapata kichefuchefu, na mtu wa mita 1.8 akisimama, uzito kichwani ni pungufu kwa asilimia 18 kuliko miguuni. Kwa mizunguko 2 kwa dakika unahitaji mita 224. Kwa 4, mita 56. Ukiridhika na uzito wa Mirihi, yaani asilimia 38 ya wa Duniani, mizunguko 4 na mita 21 zinatosha.

Usimpe mhandisi hotuba kuhusu hayo. Mwache mtu adondoshe kijiko kutoka urefu wa mita moja: kwenye hizo mita 21 kitaangukia sentimita 20 hivi nyuma, kinyume na mwelekeo wa mzunguko. Mgeni anaokota palipo patupu, mzoefu ameshanyoosha mkono mahali penyewe.

mhariri_wa_rasimu
Naongeza la kuhariri. Usirekebishe kila kitu kwa pamoja. Pitia mara ya kwanza namba tu, jedwali likiwa pembeni. Mara ya pili saka mazungumzo yanayoanza na "kama unavyojua": hapo wahusika wanaelezana wanachokijua wote, kata. Mara ya tatu soma kwa sauti.

Kisha tafuta wasomaji wawili. Anayejua fizikia muulize ni wapi hakuamini. Asiyejua muulize ni wapi aliruka aya, wala usimtetee mhusika wako anapokujibu.