Naomba ushauri: kompyuta za maabara ya shule zimejaa programu ambazo sikuzisakinisha

Mshika Funguo
Wakuu, habari zenu. Ninafundisha kompyuta shuleni na maabara iko chini yangu. Kompyuta moja hupita mikononi mwa wanafunzi wa madarasa tofauti kutwa nzima, na kila ninapokagua ninakuta gemu, vivinjari nisivyovifahamu, programu za kupakulia sinema na viendelezi vinavyofungua matangazo mwalimu akiwa katikati ya somo. Ninazifuta, zinarudi. Nimefikia hatua ya kutaka kuziba matundu yote ya flashi kwa gundi, au ninunue Deep Freeze, ambayo huirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya. Kati ya hizo mbili, ipi ni bora?

Babu Kibodi
Mwalimu, tatizo hilo ni la malezi kabla ya kuwa la kompyuta. Bandika kanuni ukutani, kila mwanafunzi atie saini, na mzazi naye atie. Mtoto aliyefunzwa kuheshimu mali ya wote hahitaji kufuli.

Fundi wa Pembeni
Gundi hapana. Kibodi na kipanya navyo hutumia matundu hayohayo, na siku kimoja kikiharibika utajuta. Hofu ya flashi ninaielewa, kwa sababu nilikuwa nikihudumia ofisi moja wakati kirusi cha Conficker kilipozuka mwaka 2008, nacho kilihama na flashi kutoka meza hadi meza kwa kuwa Windows za wakati huo zilikubali programu ijiendeshe yenyewe mara flashi inapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia jambo hilo katika matoleo ya zamani. Leo gemu nyingi hupakuliwa mtandaoni, kwa hiyo hata ukiziba matundu mlango mkubwa utabaki wazi.

Hawa wa Maktaba
Mwalimu, kabla ya kununua chochote, wanafunzi wanaingia kwa akaunti gani?

Mshika Funguo
Nywila ipo, na kila darasa linaifahamu. Naomba turudi kwenye swali langu la Deep Freeze.

Hawa wa Maktaba
Nimeuliza aina ya akaunti. Ni ya kawaida au ya msimamizi, yaani yenye mamlaka ya kusakinisha programu na kubadilisha mipangilio ya kompyuta nzima?

Mshika Funguo
Ni ya msimamizi, moja kwa wote. Tafadhali msinihukumu haraka. Tunayo programu ya zamani ya kufundishia uchapaji, ambayo katika akaunti ya kawaida inafunguka, kisha inagoma kuhifadhi alama na kujifunga. Mtihani umekaribia na siwezi kuwanyima wanafunzi mazoezi. Ndiyo maana nikaona Deep Freeze itanitatulia yote bila kugusa akaunti.

Jicho la Tatu
Samahani, wakuu, mimi nina shaka na uzi huu. Mwalimu wa kompyuta anayegawa nywila ya msimamizi kwa madarasa yote? Ninaona huyu ni mwanafunzi anayetaka kuzijua kufuli zote mapema ili ajue pa kupitia, na ninyi mnamwelekeza.

Mshika Funguo
Mimi ni mwalimu, na nimeumizwa na maneno hayo. Maabara hii niliikuta imepangwa hivyo.

Hawa wa Maktaba
Na awe mwanafunzi. Ulinzi ulio imara haulegei kwa sababu umejulikana, kwa hiyo nitaeleza wazi.

Programu yako ya uchapaji haihitaji usimamizi wa kompyuta nzima. Inachohitaji ni kuandika alama, na inaziandika ndani ya folda yake iliyomo katika Program Files, folda ambamo Windows huweka programu zilizosakinishwa, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Ingia kama msimamizi, fungua sifa za folda hiyo, nenda sehemu ya usalama, kisha wape watumiaji wa kawaida ruhusa ya kurekebisha. Baada ya hapo wahamishe wanafunzi wote kwenye akaunti ya kawaida.

Hata hivyo akaunti ya kawaida peke yake haitoshi, maana zipo programu zinazojisakinisha ndani ya folda ya mtumiaji bila kuomba idhini ya yeyote. Hapo ndipo unapohitaji AppLocker, zana ya Windows ya kuamua programu zipi ziruhusiwe kuendeshwa, iliyoanza na Windows 7. Kanuni zake za msingi humruhusu mwanafunzi kuendesha tu kilichomo katika folda za Windows na Program Files. Hakikisha huduma ya Application Identity inafanya kazi, kwa sababu ikizimwa kanuni hizo hazizuii kitu.

Fundi wa Pembeni
Dada Hawa, ninakubali yote isipokuwa moja. Ukifungua folda nzima ya uchapaji, mwanafunzi atanakili gemu ndani yake, na AppLocker itairuhusu kwa kuwa imo katika Program Files. Ruhusa itolewe kwa faili la alama pekee.

Hawa wa Maktaba
Ni kweli kabisa. Mwalimu, fuata alivyosema Fundi.

Mshika Funguo
Nimejaribu kwenye kompyuta moja, kwa akaunti ya kawaida, na alama zimehifadhiwa. Nashukuru sana. Deep Freeze bado ninaitaka, na flashi bado zinanitia hofu.

Fundi wa Pembeni
Deep Freeze ni nzuri, lakini kwanza sakinisha Windows upya, la sivyo utagandisha uchafu uliomo. Kazi za wanafunzi, na faili lile la alama, zihifadhiwe kwenye sehemu ya diski isiyogandishwa au kwenye seva, la sivyo zitafutika kompyuta ikiwashwa upya. Tenga pia muda wa kuigandua kompyuta ili masasisho yaingie. Kuhusu flashi, sera za Windows zina kipengele kinachozuia programu kuendeshwa kutoka kwenye diski za kuchomeka, huku mwanafunzi akiendelea kusoma na kuhifadhi insha yake. Weka pia nywila kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, mtu asije akaiwasha kompyuta kwa flashi yake.

Mshika Funguo
Na walimu wenzangu, wabaki na akaunti ya msimamizi?

Hawa wa Maktaba
Hapana, mwalimu. Nao wapewe ya kawaida, na ya msimamizi uishike wewe pamoja na mtu mmoja zaidi atakayeziba pengo siku usipokuwepo.