Sera ya utalii Kisumu: nani aliulizwa?

Mkazi wa Nyalenda: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti utalii wa mashinani, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Kikao cha maoni ya sera hiyo nilichokwenda kilifanyiwa hotelini saa tatu asubuhi, wakati mashua zinarudi na samaki. Kabrasha la Kiingereza tulipewa mlangoni. Kufika adhuhuri tukatia sahihi ya kupokea nauli, na sahihi hiyo ndiyo ikawa ushahidi kwamba tumekubali. Hiyo ni sera au ni njama?

Dereva wa watalii: Mgeni anataka choo safi na bei inayojulikana, hana haja na vikao. Vibanda vya samaki vya ufuo wa Lwang'ni vilibomolewa mkalia, ilhali maji machafu yalikuwa yakiingia ziwani. Na samaki wenyewe nusu walikuwa wa Uchina!

Mwanafunzi, Maseno: Tusisahau hifadhi za wanyama za Impala na Ndere ziko chini ya KWS, shirika la taifa la wanyamapori. Ada ya lango haipangwi na kaunti. Hata mkishirikishwa, mtabadilisha nini hapo?

Mama Ngege, Dunga: Wa Uchina? Wewe dereva, ondoa kauli hiyo. Ngege, yaani tilapia, wa ziwa hili jicho linang'aa, ukifunua shavu matamvua ni mekundu. Yule wa katoni anakuja na barafu, kashapasuliwa tumbo. Sijawahi kumpa mgeni samaki huyo.

Dereva wa watalii: Mama, kwa heshima, sikukutaja. Lakini akishakaangwa na nyanya, mteja atafunua shavu gani?

Omera wa Kondele: Si Rais Uhuru Kenyatta alisema samaki wa Uchina watapigwa marufuku, 2018 hivi? Iliishia wapi?

Mvuvi, Usoma: Mnagombania wa Uchina, na wa kufugwa vizimbani humu ziwani je? Wanakula chakula cha gunia na mnawaita wa ziwa.

Mama Ngege, Dunga: Wa vizimba wamelelewa humu humu na watoto wetu. Usiwaweke kapu moja na wa katoni.

Mkazi wa Nyalenda: Jamani, nimeuliza habari ya kikao! Vijana wa Dunga wanaowapeleka wageni kuona viboko na ndege wa mafunjoni, nani aliwauliza bei, njia, au kituo cha mashua kiwe wapi?

Mama Ngege, Dunga: Kikao waje wakifanyie hapa ufuoni, alasiri, na kabrasha lisomwe kwa Dholuo, lugha yetu. Nitakuja na wenzangu wote. Na dereva naye aje, aseme mbele yetu nani alimuuzia samaki wa katoni.