Eti "mpeni bibi fimbo yake akalale"! Huyu jamaa leo amevuka mpaka

Wadau, nimefura hapa hata kuandika siwezi vizuri. Yule jamaa mnamjua wote, yule mjuaji wa kila uzi wa vitabu. Nimeshusha maelezo marefu kuhusu riwaya za njama zenye mashujaa wazee, na vichekesho vyake vyote. Jibu lake: "Mpeni bibi fimbo yake akalale." AKALALE!

Na huyu ndiye ambaye shujaa wake anarushwa kutoka ghorofa ya kumi, anatua juu ya gari, suti haina hata mkunjo. Hilo analiamini! Bibi mwenye akili ndiyo haaminiki.

Mchukue Bi Pollifax, shujaa wa riwaya ya Dorothy Gilman ya 1966: mjane, ana wajukuu, kajipeleka mwenyewe CIA kuomba kazi ya ujasusi. Wakamtuma Mexico City kama mtalii akachukue mzigo, akajikuta mfungwa Albania. Nani amshuku bibi anayeotesha maua? Utamu wote uko hapo! Wakubwa wameficha siri dunia nzima, halafu wanapanga njama mbele ya mzee kama vile ni kabati. Wamhonge nini? Cheo hataki. Wamtishe na kifo? Keshawazika rika lake lote. Akifukuzwa, magoti yanalia kuliko bastola, unacheka huku roho iko juu.

Akalale? Yule babu wa Jonas Jonasson, kitabu cha 2009, katoroka dirishani siku anatimiza miaka 100! Unamwambia akalale mtu aliyeruka dirisha?

KurasaNyingi: Pole mkuu. Kwani fimbo imempata bibi au imekupata wewe? 😂

BintiRiwaya: Niko na mleta uzi. Jamaa huyohuyo alinitajia msaliti ni nani nikiwa katikati ya kitabu. Afungiwe maisha.

Mpekuzi: Mmeharibiwa na Willy Gamba nyie, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Tangu *Kufa na Kupona* ya 1974 mnataka shujaa kijana, mtanashati, warembo wamemzunguka.

KurasaNyingi: Willy Gamba muacheni kabisa!! Tutakosana.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kasema AKALALE.

MsomajiUsiku: @BintiRiwaya afadhali wewe umetajiwa. Mimi niliazima kitabu, nimekesha, nimefika "mkuu wa njama hii ni", ukurasa wa mwisho umechanwa. Mpaka leo namshuku kila mtu humo ndani, hadi dereva.

BintiRiwaya: Mungu wangu. Watu wanaochana kurasa wana roho gani?

Mpekuzi: Na wanaoazima wasirudishe je? Ukidai, unaambiwa una roho mbaya.

Mleta uzi: Akalale jamani...

MsomajiUsiku: @Mpekuzi hao ndio wabaya kuliko wote. Fungua uzi wao, tuje na ushahidi.