Mrejesho: nimeiona miezi ya Mshtarii nikiwa uani

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini darubini yangu ya mkono ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50), inanionyesha sayari ya Mshtarii (Jupita) kama taa inayochezacheza, na kama kweli miezi yake inaweza kuonekana kutoka uani kwetu Dodoma. Mkanijibu kuwa tatizo ni mikono kutetemeka. Kweli kabisa.

Juzi umeme ulikatika mtaa mzima. Nikazima simu, nikakaa gizani kama dakika 20 macho yazoee. Kisha nikalaza mpini wa fagio juu ya migongo ya viti viwili, nikaegemeza darubini hapo, nikashusha pumzi. Picha ikatulia. Kiduara kidogo cheupe, na pembeni miezi yenyewe, vinukta vitatu kwenye mstari mmoja: viwili kushoto, kimoja kulia. Usiku uliofuata vilikuwa vinne, na mpangilio umebadilika! Ndivyo Galileo, yule mwanaastronomia wa Italia, alivyoviona mwaka 1610. Mwili ulinisisimka.

Nikamwita mama. Akatazama kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na Kilimia je?" Babu yake alikuwa akikiangalia kikundi hicho cha nyota kabla ya kuandaa shamba. Tukakielekezea darubini: zile nyota sita tulizozoea zikawa makumi, zinameta kwa weupe wa kibuluu. Mama hakuiachia darubini mpaka shingo ilipomuuma.

Sayari ya Zohali (Saturn) bado. Yule aliyesema pete zake zinahitaji darubini ya kukuza kama mara 25 au zaidi, naomba anishauri ya kununua. Nataka mama azione.